Mama Aliwekwa Wapi? Sura ya Historia ya Malezi ya Watoto Njiti

Makala hii inahusu jambo ambalo kwa kawaida halifundishwi katika vyuo vyetu vya theolojia, nalo ni historia ya malezi ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati wao, au wanaozaliwa wakiwa na uzito mdogo mno. Kwa Kiswahili tumewaita njiti, kwa neno lile lile tunalolitumia kwa kijiti cha kiberiti, na huenda jina hilo peke yake laonyesha jinsi jamii ilivyozoea kuwatazama: kitu chembamba, chenye kuwaka mara moja na kuzimika. Msomaji aweza kuuliza kama hilo si jambo la madaktari. Tunamjibu kwa kueleza yaliyotupata.

Mwaka 2009, tulipokuwa tungali wachanga katika utumishi, tuliitwa usiku katika hospitali moja ili kumbatiza mtoto aliyezaliwa katika mwezi wa saba wa mimba. Tulinawa mikono, tukavikwa joho la hospitali, tukaingizwa katika chumba alimolazwa ndani ya sanduku la kioo. Tukambatiza kwa Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, tukaomba, tukatoka. Mama yake alikuwa amelazwa katika wodi nyingine, ng'ambo ya ua. Tulipokwenda kumpa habari kwamba mtoto wake amekwisha kubatizwa, alitutazama kitambo, kisha akasema, "Asante, Baba Mchungaji. Basi wewe umemgusa. Mimi bado." Mtoto alikuwa na umri wa siku tatu. Siku ya tano alifariki, na mama yake alimpakata kwa mara ya kwanza akiwa amekwisha kufungwa katika shuka.

Hatusemi kwamba mtoto yule angepona kama angewekwa mikononi mwa mama yake; hatuna haki ya kusema hivyo. Lakini neno la mama yule lilitufanya tusome, na katika kusoma tulitambua kwamba historia yote ya watoto hawa yaweza kuandikwa kwa kufuata swali moja tu: mama aliwekwa wapi?

Maandiko na Matengenezo

Katika Agano la Kale mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hutajwa kama mfano wa mtu aliyekwisha kufa. Hivyo ndivyo anavyotajwa katika kilio cha Ayubu (3:16), katika Mhubiri (6:3), na katika maneno ya Haruni juu ya ukoma wa Miriamu (Hesabu 12:12). Tafsiri ya Kiyunani ya Sabini hutumia mahali pote patatu neno ektroma. Neno hilo hilo mtume Paulo analichukua na kujiita nalo katika 1 Wakorintho 15:8. Wafafanuzi wamebishana sana juu ya maana yake, wengine wakidhani kwamba lilikuwa tusi la wapinzani wake. Kwetu yatosha kuona kwamba tunaye hapa njiti aliye hai, tena aliyefanya kazi kupita wenzake wote, na kwamba hata yeye hadai kuwa alisimama kwa nguvu zake.

Kanisa lilipokutana na watoto hawa, swali lake la kwanza lilikuwa juu ya wokovu wao. Katika Zama za Kati wakunga walifundishwa kubatiza pale palipokuwa na hatari ya kufa, na Matengenezo hayakuuondoa utaratibu huo katika nchi za Kilutheri. Mwaka 1542, wakati Johannes Bugenhagen alipokuwa akichapisha ufafanuzi wake wa Zaburi ya 29, Luther aliongeza humo maandishi mafupi ya kuwafariji wanawake ambao uzazi wao haukwenda sawa. Anawaonya wachungaji wasiwatishe wanawake hao wala kuwahukumu, kwa kuwa wao hawakulitaka lililowapata. Tena anafundisha kwamba kuugua kwa moyo wa mama Mkristo, hata kama hakupata maneno ya kusema, Mungu hukuhesabu kuwa ni sala kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwahi kufikiwa na maji ya ubatizo. Luther mwenyewe alikuwa amemzika binti yake Elisabeth mwaka 1528, akiwa mchanga wa miezi michache tu, na mwaka huo huo wa 1542 akamzika Magdalena mwenye miaka 13. Hakuandika kama mtu asiyejua.

Ni maandishi yafaayo kusomwa na kila mchungaji, nasi tumeyatumia mara nyingi. Hata hivyo ni lazima tukiri kwamba ni maandishi ya kando ya kaburi. Kwa muda wa karne tatu baada yake, Kanisa lilikuwa na ubatizo kwa ajili ya njiti aliyekuwa hai na faraja kwa ajili ya yule aliyekufa. Kati ya hayo mawili, yaani siku na majuma ambamo mtoto hupigania uhai wake, halikuwa na mengi ya kusema.

Sanduku la Paris

Njiti hufa hasa kwa baridi, kwa njaa, kwa kushindwa kupumua, na kwa maambukizo. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta chini ya ngozi ni haba, na mwili wake hupoteza joto upesi kuliko unavyoweza kulizalisha. Tena kabla ya kutimiza wiki 34 hivi za mimba huwa hajaweza kupatanisha kunyonya, kumeza na kupumua, hata akiwekwa titini huchoka kabla ya kushiba. Mambo hayo wazee wetu waliyaona kwa macho bila kuyaandika, ndiyo maana waliwafunika watoto hao kwa nguo nzito na kuwaweka karibu na moto.

Aliyetafuta njia nyingine ni mganga wa uzazi Stéphane Tarnier, wa hospitali ya Maternité mjini Paris. Mwaka 1878 aliona katika bustani ya wanyama ya mji huo vyombo vya kuangulia mayai ya kuku, akamwomba fundi Odile Martin amtengenezee chombo cha namna hiyo kwa ajili ya watoto. Chombo cha kwanza kilianza kutumika mwaka 1880. Kilikuwa sanduku kubwa lililopashwa moto kwa maji, lenye nafasi ya watoto zaidi ya mmoja. Mwaka 1883 mwanafunzi wake Auvard alitoa taarifa kwamba vifo vya watoto wenye uzito chini ya gramu 2,000 vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 66 hadi 38. Hiyo ni neema ambayo hatuna budi kuishukuru.

Lakini sanduku lilileta jambo jipya. Kwa mara ya kwanza mtoto aliweza kuishi mbali na mwili wa mwanamke yeyote, isipokuwa kwa maziwa tu. Aliyeiona hatari hiyo mapema ni Pierre Budin, aliyechukua uongozi wa kitengo cha watoto dhaifu pale Maternité mwaka 1895 na kutoa kitabu chake juu ya mtoto anyonyaye mwaka 1900. Budin aliona kwamba baadhi ya akina mama ambao hawakushiriki kuwalea watoto wao waliwatelekeza. Maisha ya mtoto yaliokolewa, asema, lakini kwa gharama ya kumpoteza mama. Kwa hiyo alitaka mama amnyonyeshe mwanawe mwenyewe, amwone na kumtembelea. Tunaamini kwamba kama ulimwengu ungalimsikiliza Budin, makala hii ingalikuwa fupi.

Ulimwengu ulifuata njia nyingine, ya ajabu kidogo. Martin Couney, ambaye hata cheo chake cha udaktari kimetiliwa mashaka na wanahistoria, aliyapeleka masanduku hayo katika maonyesho ya biashara. Kuanzia mwaka 1903 hadi 1943 alikuwa na jengo lake kule Coney Island, mahali pa starehe pa watu wa New York, ambapo watazamaji walilipa senti 25 kuwaona watoto njiti nyuma ya kioo, jirani na michezo na vichekesho. Ni rahisi kumlaumu, nasi tulianza kwa kumlaumu. Lakini wazazi hawakutozwa kitu. Senti za watazamaji ndizo zilizowalipa wauguzi, na wengi wa watoto hao walikuwa wamekataliwa na hospitali ambazo hazikuwa na nafasi wala nia. Yeye mwenyewe alidai kuwa aliwaokoa watoto 6,500 hivi kati ya 8,000. Mama alikuwa wapi? Alikuwa mgeni. Aliweza kuja kumtazama mwanawe pamoja na umati.

Milango iliyofungwa

Hospitali zilipoamka na kufungua vitengo vyao, zilichukua sanduku lakini hazikumchukua mama. Kwa kuogopa maambukizo, vyumba vya watoto njiti huko Ulaya na Marekani vilifungwa kabisa, na wazazi walisimama nje ya dirisha kwa majuma na miezi. Ndani ya vyumba hivyo wataalamu walifanya mema mengi, na mara nyingine walidhuru bila kukusudia. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 watoto walipewa hewa ya oksijeni kwa wingi bila kipimo, na yapata watoto 10,000 duniani wakapofuka. Kate Campbell wa Melbourne alionyesha mwaka 1951 kwamba oksijeni ndiyo iliyoshukiwa, na jaribio kubwa la hospitali 18 za Marekani lilithibitisha jambo hilo mwaka 1954. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950 wiki 6 kabla ya wakati, ni mmoja wa waliopoteza macho yao hivyo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wako ndugu zetu wanaodhani kwamba kila chombo kipya ni baraka bila kupimwa, na wako wengine wanaodhani kwamba kila chombo ni ukosefu wa imani. Wote wawili hawajaisoma historia hii.

Ilipofika mwaka 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule California waliandika juu ya akina mama walioruhusiwa kuingia na kuwagusa watoto wao. Maambukizo hayakuongezeka. Kwa hiyo hofu iliyofunga milango kwa muda wa kizazi kizima haikuwa na msingi uliodhaniwa. Milango ikaanza kufunguliwa, polepole sana.

Bogotá na Manama

Badiliko kubwa halikutoka California. Lilitoka katika hospitali iliyoshindwa. Mwaka 1978, katika Instituto Materno Infantil mjini Bogotá, nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na msongamano uliolazimisha watoto wawili au watatu kulala katika sanduku moja, wakiambukizana magonjwa, na akina mama waliokata tamaa wakiwaacha watoto wao hospitalini. Mwenzake Héctor Martínez Gómez alijiunga naye mwaka 1979. Walichofanya ni kumweka mtoto, akiwa amevaa nepi na kofia tu, wima kati ya matiti ya mama yake, ngozi kwa ngozi, akafungwa hapo kwa kitambaa usiku na mchana. Akalishwa maziwa ya mama. Akaruhusiwa kwenda nyumbani mapema, na kurudi mara kwa mara kupimwa uzito. Kwa kuwa mtoto wa kangaruu huzaliwa angali mdogo mno na kukulia katika mfuko wa mama yake, njia hiyo iliitwa kwa jina la mnyama huyo.

Habari zilipoenea, zilienea pamoja na kutia chumvi. Mwaka 1985 Andrew Whitelaw na Katharine Sleath, waliokwenda Bogotá kujionea, waliandika katika jarida la Lancet kwamba hesabu za kwanza zilipotosha, kwa kuwa zililinganisha watoto waliokwisha kuvuka siku za kwanza za hatari na hesabu za zamani zilizowajumuisha wote. Walisema kweli. Hata hivyo walikiri kwamba katika jambo lenyewe kulikuwa na mema. Kazi ya kupima kwa haki iliwaangukia wengine, hasa Nathalie Charpak na wenzake, waliotoa mwaka 1997 matokeo ya watoto 746 waliogawanywa kwa kura. Mwaka 2017 walitoa taarifa ya watoto hao baada ya miaka 20. Waliwapata 264 kati ya wale waliozaliwa na gramu 1,800 au chini yake. Wale waliolelewa kifuani walikuwa watulivu zaidi, wenye ukali mchache, na hawakukosa shule kama wenzao. Basi kukua si gramu peke yake, ingawa gramu ni muhimu: njiti akisharudisha uzito aliopoteza siku za kwanza, hutarajiwa kuongeza yapata gramu 15 kwa kila kilo ya mwili wake kila siku, nao muuguzi na mama huzisubiri gramu hizo kama mkulima asubirivyo mvua.

Hapa tunafika mahali ambapo historia hii inaligusa Kanisa letu moja kwa moja, na twashangaa kwamba haisimuliwi katika madarasa yetu. Manama ni kituo cha Kilutheri kusini-magharibi mwa Zimbabwe, kilichotokana na kazi ya misioni ya Kanisa la Uswidi. Wengine wanakikumbuka kwa ajili ya mwaka 1977, wakati wa vita vya ukombozi, ambapo wanafunzi wapatao 400 wa shule yake walivushwa mpaka kuingia Botswana. Mwaka 1988 daktari Nils Bergman na Agneta Jürisoo, waliotumika katika hospitali ya kituo hicho, hawakuwa na masanduku ya joto. Hawakuweza kungoja hadi yapatikane. Wakaichukua njia ya Bogotá, lakini kwa tofauti moja kubwa: kule Bogotá mtoto alifungwa kifuani baada ya kuwa imara, ambapo pale Manama aliwekwa kifuani tangu kuzaliwa, ili kifua chenyewe kimfanye awe imara.

Taarifa yao ya mwaka 1994 yasema kwamba kabla ya hapo, kati ya watoto waliozaliwa na uzito chini ya gramu 1,500, waliopona walikuwa asilimia 10. Baadaye wakawa asilimia 50. Kwa wale wa gramu 1,500 hadi 1,999, waliopona walipanda kutoka asilimia 70 hadi 90. Onyo la Whitelaw na Sleath lahusu hesabu hizi pia: ni ulinganisho wa kabla na baada katika hospitali ndogo, si jaribio la kura. Hata hivyo, twaomba msomaji afikiri juu ya wale wanne kati ya kila kumi, ambao hapo kwanza wangezikwa.

Ushahidi wa kura ulikuja baada ya miaka 30 hivi. Kuanzia mwaka 2017 hadi 2020, Shirika la Afya Duniani liliongoza jaribio katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na hospitali ya Tanzania ilikuwa Muhimbili. Watoto 3,211 wenye uzito kati ya kilo 1 na gramu 1,799 waligawanywa. Wengine walitunzwa kwa kawaida, wakitenganishwa na mama hadi wawe imara. Wengine waliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, na ili jambo hilo liwezekane, vitanda vya akina mama vililetwa ndani ya chumba cha watoto mahututi. Katika kundi hili mtoto alikaa kifuani yapata saa 17 kwa siku. Vifo katika siku 28 za kwanza vilikuwa asilimia 12.0, ambapo kwa wale waliotenganishwa vilikuwa asilimia 15.7. Wasimamizi walilisimamisha jaribio kabla ya mwisho wake, kwa kuona kwamba si haki kuendelea kuwanyima wengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na Novemba 2022 Shirika hilo likaagiza kwamba njiti wote waanze kukaa kifuani mara wazaliwapo, isipokuwa wale walio mahututi kabisa, kama vile wasioweza kupumua wenyewe bila mashine. Na mama akiwa hawezi, baba au ndugu aweza kumbeba.

Neno moja la Kiyunani

Mtume Paulo, akiwaandikia Wathesalonike (1 Wathesalonike 2:7), anajifananisha na mlezi pamoja na watoto wake. Biblia yetu ya Kiswahili inalitafsiri tendo la mlezi huyo kwa neno la kutunza, nayo ni tafsiri njema. Lakini neno la Kiyunani ni thalpo, ambalo maana yake ya asili ni kupasha joto. Katika tafsiri ya Sabini, Kumbukumbu la Torati 22:6, neno hilo hilo latumika kwa ndege aliyeatamia makinda au mayai. Tarnier aliangalia mayai akatengeneza sanduku. Paulo alitumia neno la ndege aatamiaye, akasema juu ya kifua. Hatudai kwamba mtume alijua tiba ya njiti. Twasema tu kwamba utunzaji wa kichungaji, kwa lugha aliyoichagua yeye mwenyewe, ni kazi ya mwili ulio karibu.

Kwa hiyo tumebadili utaratibu wetu tunapoitwa wodini, nasi twauweka hapa ili wenzetu waupime. Kwanza twauliza mama yuko wapi. Kama yuko mbali na anaweza kuletwa, twamwomba muuguzi, kwa heshima na bila kumwamuru, amlete au atueleze kwa nini haiwezekani. Kama mtoto amefungwa kifuani, hatumwondoi. Maji yawe ya vuguvugu, machache, kwa ncha za vidole juu ya paji la uso, huku kofia ikiinuliwa kidogo tu. Kitambaa kikavu kiwe tayari mkononi mwa bibi au baba wa mtoto, na kofia irudishwe mara moja. Ubatizo huo ni kamili, kwa maana wingi wa maji haujawahi kuwa sharti katika Kanisa letu. Kuwekea mikono twafanya juu ya mgongo wa mtoto, juu ya kitambaa kilichomfunga, na mkono wa mama uwe wa kwanza.

Baadhi ya wanafunzi wetu wameuliza kama mama huyo aweza kuja kanisani angali amemfunga mtoto kifuani, kabla siku arobaini hazijatimia, kwa kuwa katika sharika nyingine wazee humzuia. Jibu letu ni kwamba hatari iliyopo ni ya baridi na mafua ya watu, si ya unajisi. Akitaka kuja, na wauguzi wakimruhusu, atengewe nafasi mbali na mlango na mbali na wenye kukohoa, na asitakiwe kusimama.